Ajali ya Ndege: Shahidi Aliona Nini, na Alidhani Nini?

Ndege inapoanguka, wanaofika kwanza ni majirani. Maelezo yao huwasaidia wachunguzi, lakini sharti yapimwe.

Mnamo Novemba 12, 2001, ndege aina ya Airbus A300, safari nambari 587, ilianguka katika eneo la Queens, New York, Marekani, muda mfupi baada ya kupaa. Watu wote 260 waliokuwemo walifariki, pamoja na 5 waliokuwa chini. Wachunguzi walikusanya maelezo ya mashahidi 349. Zaidi ya nusu walisema waliona moto ndege ikiwa angani. Walioiona ikigeuka hawakuafikiana: wengine walisema kulia, wengine kushoto.

Je, walidanganya? La. Vinasa data na mabaki vilionyesha kuwa pezi la mkia ndilo lililong'oka kwanza, baada ya rubani msaidizi kukanyaga pedali za usukani kupita kiasi. Injini zilichomoka baadaye, na huenda mafuta yaliyomwagika ndiyo yaliyowaka. Moto ulionekana, lakini ulikuwa matokeo, si chanzo.

Wengi huinua macho baada ya kusikia mlio. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mlipuko ulio umbali wa kilomita 3 utausikia baada ya sekunde 9 hivi, kama ngurumo inavyofuata umeme. Kufikia hapo, mwanzo umekupita, na akili hujaza pengo kwa kile majirani wanachosimulia.

Ukishuhudia ajali:

1. Piga simu 999 au 112 mara moja.
2. Andika au jirekodi kabla ya kujadiliana na wengine. Taja saa, mahali uliposimama na upande uliotazama.
3. Tenganisha ulichoona, ulichosikia na ulichoambiwa.
4. Sema "sijui" pale usipojua.
5. Usiguse wala kubeba mabaki, isipokuwa unapookoa maisha.
6. Hifadhi video asili kwa ajili ya polisi na wachunguzi. Usisambaze picha za waathiriwa. Huenda jamaa zao hawajapata habari.

Nawe msomaji, ukikuta taarifa inayotaja chanzo cha ajali siku hiyo hiyo, jiulize: huyu aliona, au alidhani? Familia zilizofiwa zinastahili jibu la kweli, hata likichelewa.