Themostati ya Land Rover ya Zamani

Huku kwetu Kigezi, Land Rover za kizamani bado hazijaisha barabarani. Misheni zinazo, wakulima wanazo, na baadhi ya wazee waliosoma shule hii wanazo, nao huzipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake. Nyingi zina ile injini ya petroli ya lita 2¼ iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958. Basi motokaa ya namna hii ikichemka mlimani, kuna mafundi ambao hufanya jambo moja tu: hufungua nyumba ya themostati iliyo mbele ya injini, hutoa themostati, huitupa, na kumwambia mwenye gari kwamba kitu hicho ni cha nchi za baridi. Nataka kueleza kwa nini shauri hilo ni baya, na jinsi ya kuchagua themostati nyingine iliyo sawa.

Themostati ni mlango. Hukaa katika njia ambamo maji ya moto hutoka injini kwenda rejeta. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, nayo maji huzunguka ndani ya injini peke yake, yakirudi kwenye pampu kwa mpira mfupi ambao nitauita njia ya mkato. Maji yakifikia joto lililoandikwa juu ya themostati, mlango huanza kufunguka, na maji huenda rejeta kupozwa.

Mlango ukiondolewa, maji huenda rejeta tangu dakika ya kwanza. Yeyote aliyeamka Kabale alfajiri anajua kwamba baridi si ya Ulaya tu. Injini huchelewa sana kupata moto. Petroli haigeuki mvuke vizuri. Hushuka katika kuta za silinda, huosha oili iliyopaswa kuzilinda, kisha huchanganyika na oili iliyo chini. Unyevu nao hukusanyika, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili utaona ute mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ringi na silinda huliwa polepole. Hakuna mlio, hakuna moshi kwa siku nyingi, kwa hiyo hakuna amlaumuye fundi.

Lakini la ajabu zaidi ni hili: injini isiyo na themostati yaweza kuchemka kuliko iliyo nayo. Themostati za kwanza za injini hizi zilikuwa na kipande cha bati cha mviringo, ambacho mafundi hukiita sketi. Mlango ulipofunguka, sketi ilisogea pamoja nao na kuziba tundu la njia ya mkato, ili maji yote yapite katika rejeta. Injini za Jaguar za XK zilikuwa na mpango huohuo. Ukiondoa themostati, tundu lile hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye pampu bila kuiona rejeta. Katika tambarare hutatambua. Panda Kanaba ukiwa na mizigo na watu wanane, utatambua.

Hatari ni ileile ukinunua themostati isiyo na sketi, na hizo ndizo zilizojaa madukani. Kipenyo chake ni sawa, hukaa vizuri mahali pake, muuzaji hukuapia kwamba ndiyo yenyewe. Kwa hiyo usiende dukani mikono mitupu. Chukua themostati ya zamani, hata kama imekufa, ukalinganishe upana wa ukingo, urefu, na sketi. Kama ile ya zamani ilikwisha tupwa, chungulia ndani ya nyumba yake uone tundu la njia ya mkato liko wapi na kama litazibwa. Ukikosa kabisa yenye sketi, wako mafundi hodari ambao hutia ndani ya mpira wa njia ya mkato kizibo chenye tundu dogo. Wasizibe kabisa, kwa sababu injini iliyo baridi huhitaji maji yazunguke kidogo.

Ndani ya themostati kuna namna mbili. Ya kale ina kifuko cha shaba chenye mikunjo kama kinanda cha mkono, na ndani yake kimiminika kinachogeuka mvuke upesi. Ya sasa ina nta, inayotanuka inapoyeyuka. Ilibuniwa na Sergius Vernet huko Marekani katika miaka ya 1930. Kifuko cha shaba kikitoboka, kwa kawaida mlango hubaki wazi. Nta ikivuja, springi huufunga mlango, na hapo injini huungua. Hata hivyo mimi nachagua ya nta, maana haibabaishwi na mgandamizo wa maji kama ile ya kifuko, mradi iwe na sketi.

Sasa digrii. Themostati huuzwa za 74, 82 na 88. Wengi hudhani kwamba ya 74 itatibu motokaa inayochemka. Sivyo. Mlango ukiisha kufunguka wote, kazi ya kupoza ni ya rejeta. Kama rejeta imejaa kutu, hakuna namba itakayosaidia. Soma kitabu cha gari kwanza; kama huna, ya 82 yafaa. Kumbuka pia somo la fizikia: pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini Kabale, karibu mita 2,000 juu ya bahari, huchemka kwa 93 hivi. Kifuniko cha rejeta kilicho kizima hubana maji na kupandisha kiwango hicho kupita 105. Mpira wake ukichakaa, umerudi kwenye 93. Nunua kifuniko kabla ya kulaumu themostati.

Kabla ya kuifunga, ijaribu. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, kisha tia moto polepole. Ya 82 ianze kufunguka karibu na 82. Kufunguka yote huhitaji digrii kumi au zaidi juu ya hapo, kwa hiyo huku milimani maji ya sufuria yatachemka kabla haijamaliza. Usiirudishe dukani kwa sababu hiyo.

Unapoifunga, upande wa springi uelekee injini, na kitundu kidogo chenye pini kiwe juu ili hewa itoke. Weka gasketi mpya, jaza maji taratibu, washa injini kifuniko kikiwa wazi, na uongeze maji mpaka mapovu yaishe.