Sindano, Kijiti, Kidonge na Wasiwasi: Kijitabu cha Familia

Mama anarudi kliniki na kumwambia nesi kwamba tangu achomwe sindano ya uzazi wa mpango moyo unamwenda mbio, usingizi umempotea, na anaogopa bila kujua anachoogopa. Mara nyingi hujibiwa kwamba hayo ni mawazo tu, yatapita. Akifika nyumbani anasikia lingine: ni hiyo dawa, achana nayo leo hii. Jibu la kwanza linamnyamazisha. La pili linaweza kumletea mimba asiyokuwa tayari nayo. Kijitabu hiki ni cha nyumba nzima, baba na mama mkwe wakiwemo, ili mama huyo apate mtu wa kumsikiliza na kumpa ushauri wa kweli.

Homoni zinafanya nini kichwani

Vidonge vya majira, sindano ya miezi mitatu na vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono vyote vina homoni. Vidonge vingi vina homoni mbili, estrojeni na projestini. Sindano na vijiti vina projestini peke yake. Kazi ya homoni hizi ni kuzuia yai lisipevuke na kufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito ili mbegu zisipite. Lakini homoni hutembea na damu mwili mzima, na ubongo nao huzipokea. Projesteroni ya asili, ile inayotengenezwa na mwili wenyewe, huvunjwa ikawa kemikali ambayo kwa wanawake wengi hutuliza akili. Kwa baadhi, kemikali hiyohiyo huleta machozi, hasira na wasiwasi. Dawa ya uzazi wa mpango hugusa mpangilio huo, ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuchomwa sindano siku moja, mmoja akaendelea na shughuli zake kama kawaida na mwenzake akakesha.

Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia kumbukumbu za wanawake na wasichana zaidi ya milioni moja wenye umri wa miaka 15 hadi 34. Katika kila 1,000 wasiotumia homoni, takriban 17 walianza kutumia dawa za sonona ndani ya mwaka. Kwa wanaotumia, walikuwa takriban 22. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Mwaka uliofuata, Sweden, wanawake 340 wenye afya njema waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa kidonge cha homoni na wengine kidonge kisicho na dawa, kwa miezi mitatu. Waliopata homoni walijisikia vibaya kidogo kuliko wenzao, ila sonona haikuongezeka kwa kiasi cha kutia shaka.

Kwa hiyo wanawake wengi hawatapata shida yoyote ya akili, na wachache wataipata kweli. Huyo wa nyumbani kwako anaweza kuwa mmoja wa wachache. Mwamini.

Njia ipi inaweza kusimamishwa

Hapa ndipo ningependa familia itulie na kusoma polepole. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa vijiti ndivyo vinavyotumiwa zaidi na wanawake walioolewa, sindano ikifuata. Njia hizi mbili huongelewa kama ndugu, lakini kwa mtu anayepata wasiwasi zinatofautiana mno. Kijiti hutolewa siku yoyote, hata kama kina mwezi mmoja tu na kiliwekwa kwa ajili ya miaka mitatu au mitano. Mhudumu huchoma ganzi, hukata sehemu ndogo ya ngozi, hukivuta, kazi imeisha. Kidonge ukiacha leo, homoni zake huisha mwilini ndani ya siku chache. Sindano ikishaingia, hakuna awezaye kuitoa. Mama atasubiri miezi mitatu ipite, na dawa inaweza kuendelea kumtoka taratibu hata baada ya hapo. Hata kushika mimba huchelewa, kwa wastani miezi kumi tangu sindano ya mwisho.

Mwanamke aliyewahi kuugua sonona, aliyepata hofu kali baada ya kujifungua, au ambaye kidonge kilishawahi kumvuruga, hakatazwi kutumia homoni. Shirika la Afya Duniani linaziruhusu njia hizi zote kwa mwenye sonona. Ushauri wangu ni kwamba aanze na njia inayoweza kusimamishwa, na sindano isiwe ya kwanza. Kitanzi cha shaba, ambacho wengi huita lupu, hakina homoni kabisa na hufanya kazi miaka kumi au zaidi, ingawa kinaweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi. Kondomu nazo zipo.

Kabla ya kulaumu dawa

Chukua kalenda ya ukutani, zile zinazogawiwa na maduka mwisho wa mwaka. Kila jioni mama aweke alama kwenye tarehe: duara akilala vizuri, msalaba akiwa na hofu, nukta akitokwa na damu. Azungushie kwa kalamu nyekundu siku aliyoanza njia yake. Baada ya miezi miwili mitatu kalenda itazungumza. Huenda misalaba ilianza kabla ya dawa. Huenda inajipanga siku chache kabla ya hedhi. Huenda imeanza wiki ya tatu baada ya kijiti na haijakoma, na hapo kuna hoja nzito ya kubadilisha.

Damu ya matone isiyoisha inaweza kupunguza damu mwilini, na upungufu wa damu nao huufanya moyo uende mbio, kwa hiyo mama aombe kupimwa. Hedhi ikikatika kwa sababu ya sindano, damu haijikusanyi tumboni, na mwenye kujua hilo hukoma kuogopa. Wengi huanza njia wiki ya sita baada ya kujifungua, kipindi ambacho sonona ya uzazi nayo huwa inajitokeza, na sonona hiyo inatibika. Halafu kuna wasiwasi wa kuficha. Mama anayeweka kadi ya kliniki chini ya ndoo ya unga ili mumewe asiione hawezi kutulia hata kwa dawa nzuri kiasi gani. Baba, ongozana naye kliniki mara moja tu, umsikie nesi kwa masikio yako.

Anayetumia dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini au fenobabitali, au rifampisini ya kifua kikuu, amwambie mhudumu. Dawa hizo hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti.

Akisema ni afadhali asingekuwepo, au akianza kuaga watu, msingojee kalenda. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na dawa za shambani na sumu ya panya zifungiwe.

Anayetaka kubadilisha asiache kwanza akakaa bila kinga. Kijiti kikitolewa asubuhi, kitanzi kinaweza kuwekwa asubuhi hiyohiyo, au akaanza vidonge siku hiyo. Kwenye vituo vya serikali huduma ya uzazi wa mpango hutolewa bila malipo, na kutoa kijiti ni sehemu ya huduma hiyo. Akiambiwa asubiri hadi miaka iishe, aombe kumwona mganga mfawidhi. Asikubali kukitoa mtaani kwa wembe, wala kujichokonoa mwenyewe: kijiti hukatika, kipande kikabaki ndani, na jeraha likaoza.