Onyo Lifike Nyumba ya Mwisho: Kuendesha Mradi wa Tahadhari ya Mafuriko Mikindani

Miradi mingi ya tahadhari ya majanga huanzia juu: picha za setilaiti, kompyuta, ofisi yenye ramani ukutani. Ukikabidhiwa mradi wa aina hiyo Mikindani, Mombasa, anza chini kabisa. Teremka kutoka barabara kuu ya Nairobi, pita nyumba za kupangisha, fuata mtaro hadi nyumba ya mwisho kabla ya mikoko ya hori ya Tudor. Bisha hodi. Uliza nani hulala hapo usiku, simu ya nani huwa na chaji, mama anatoka kazini saa ngapi, na maji yakiingia watakwenda kwa nani. Mradi wako wote ni kuhakikisha nyumba hiyo inapata habari mapema na ina pa kwenda. Majibu ya hapo ndiyo yatakayokuonyesha ununue nini na umwajiri nani.

Sisi wa Pwani ya Kenya tuna ushahidi kwamba neno likimfikia mtu wa mwisho, huokoa. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la Sumatra lilipiga kabla ya alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yakatufikia mchana. Wakati huo Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari ya tsunami. Ilikuwa Jumapili, msimu wa sikukuu, fuo zimejaa watu. Lakini habari za Asia zilikuwa zimeshatangazwa, na askari wakaenda ufuoni kuwatoa watu majini. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Somalia, ambako wavuvi hawakuwa na wa kuwaambia, walikufa watu karibu 300. Tulichokuwa nacho sisi siku hiyo ni mtu wa kulibeba neno kutoka kwenye redio hadi kwa muogeleaji.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, jua maji ya Mikindani yanatoka wapi, maana hayatoki mahali pamoja. Kuna mvua inayonyesha juu ya mabati yetu wenyewe na kuteremka kwa kasi mitaroni. Kuna maji ya mito ya Kombeni na Tsalu, inayotoka bara, upande wa Rabai na Kaloleni, na kumwaga horini. Mvua inaweza kunyesha huko huku kwetu jua likiwaka. Halafu kuna bahari yenyewe, na hii ndiyo inayosahauliwa katika mipango inayoandikwa Nairobi. Wakati wa bamvua maji hujaa sana, na mitaro inayoshuka horini hukosa pa kumwaga. Muulize mvuvi yeyote: Mombasa bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Wengi mtaani wanafuata kalenda ya Kiislamu na wanajua tarehe hizo bila kuuliza. Bandika kalenda hiyo ukutani kando ya utabiri wa mvua. Mvua kubwa ikitabiriwa kwa usiku wa bamvua, chukua hatua mapema hata kama utabiri wenyewe unaonekana wa kawaida. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, mvua ileile huenda isikusumbue sana.

Jirani wa bara ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote. Mtafute mtu mmoja au wawili Rabai au Mazeras wanaoishi karibu na mto, mkubaliane wapige simu mto ukibadilika rangi na kuongezeka. Walipe vocha kila mwezi, mvua iwepo isiwepo. Hapa kwenu, paka rangi kwenye nguzo ndani ya mtaro mkubwa: kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Mtoto wa darasa la nne ataweza kusema maji yamefika wapi.

Sasa utabiri. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa ilani zinazosema mvua itazidi milimita 20 ndani ya saa 24, na kuzitaja kaunti: Mombasa, Kilifi, Kwale, Tana River, Lamu. Ilani hizo ni nzuri na mkurugenzi wa idara katika kaunti atakusaidia ukimwendea, lakini milimita hazimtishi mtu. Mpigie hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa 10, ikinyeshewa milimita 20, inamwaga lita 1,200, yaani mitungi 60 ya lita ishirini. Zidisha kwa nyumba zote zilizo juu yako mlimani, kisha tazama upana wa mtaro unaopita mlangoni pako, uliojaa mifuko na chupa. Nimeona hesabu hiyo ikinyamazisha kikao kilichokuwa na kelele. Baada ya hapo watu huanza kuzungumzia kuzibua mtaro.

Kisha andikeni kwenye karatasi moja nani anafanya nini na lini. Ilani ikitoka: nani anaisoma, nani anaitafsiri, nani anapiga simu. Maji kwenye nguzo yakifika njano: nani anafungua shule ya kukimbilia. Yakifika nyekundu: nani anambeba bibi asiyeweza kutembea. Weka jina la mtu, kwa maana kamati haibebi mtu mgongoni. Weka na jina la pili, kwa kuwa wa kwanza anaweza kuwa zamu ya usiku bandarini.

Wabebaji wa neno tayari wapo, usiunde jeshi jipya. Kuna chifu na naibu wake, wazee wa mtaa, viongozi wa Nyumba Kumi, na wahudumu wa afya ya jamii ambao kila mmoja anazijua nyumba kama mia moja na anajua aliye mjamzito na aliye mgonjwa. Kuna maimamu na wachungaji. Kuna Pwani FM na Baraka FM. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kamati, lakini nyumba ya mwisho huenda haina bando, na usiku wa mvua umeme hukatika. Nunua vipaza sauti vya mkono, nunua betri za akiba, na uwaombe wa msikitini waweke betri kwenye mtambo wao wa sauti. Jifunzeni kusema kwa lugha zinazosemwa mtaani. Mzee wa Kigiriama ataamka haraka akiitwa kwa Kigiriama. Orodha ya wagonjwa na walemavu ikae kwa mzee wa mtaa, kwenye daftari. Kuitupa kwenye kundi la simu ni kuwaanika watu, na sheria ya 2019 ya kulinda data inakataza.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi, uwe na tarehe, mtumaji na mwisho. Kwa mfano: “Kutoka kamati ya tahadhari Mikindani, Jumanne (taja tarehe), saa 9 alasiri. Mvua kubwa inatarajiwa usiku wa leo na bamvua itajaa saa 10 alfajiri. Walio chini ya mtaro mkubwa, toeni watoto, wazee, dawa na vitambulisho kabla ya saa 2 usiku, mwende shule ya msingi. Ujumbe huu unaisha Jumatano (taja tarehe) saa 6 mchana.” Usipoweka mwisho, ujumbe wako wa mwaka huu utasambazwa tena mwaka kesho na watu watakimbia bure.

Watu wa Mikindani pia wana kumbukumbu zao kuhusu maofisa. Wakazi wa Owino Uhuru waliishi miaka na kiwanda kilichoyeyusha betri na kuwatia sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Oktoba 2023 wananchi waliambiwa El Niño haiji. Novemba Pwani ikafurika. Mtu aliyepitia hayo hatatoka kitandani kwa sababu barua ina muhuri. Atatoka akiambiwa na mtu anayemjua, ambaye mara ya mwisho alisema kweli.

Ndiyo maana siku ambayo onyo halikutimia ni siku ya kazi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilielekea kisiwa cha Mafia, Tanzania, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, na Pwani ya Kenya ikaonywa. Mombasa hakikutupiga. Hali kama hiyo ikitokea kwenu, zungukeni asubuhi yake mkaeleze: kimbunga kilikuwa wapi, kilidhoofika vipi, kwa nini tuliwaamsha, na kwamba tutawaamsha tena. Ukikaa kimya, watu watajaza wenyewe sababu.

Fanyeni mazoezi, na angalau moja liwe usiku. Mazoezi ya Jumamosi saa nne asubuhi, yenye soda na fulana, hayakuonyeshi kwamba lango la shule hufungwa kwa kufuli na mlinzi hana ruhusa, wala kwamba mama wa chumba cha tatu yuko kiwandani hadi saa moja na watoto wamefungiwa ndani. Hilo la watoto limalizeni kabla ya masika: kila mlango wenye watoto peke yao uwe na jirani mwenye ufunguo wa pili.

Kuhusu fedha, wafadhili watakuja wakiwa na lengo la Umoja wa Mataifa la kumfikia kila mtu duniani kwa tahadhari kufikia 2027, na wengi watataka kununua mitambo. Mitambo si mibaya. Lakini watengee pia vocha, betri, rangi ya nguzo na nauli, vitu ambavyo mfadhili akiondoka vitaendelea kuhitajika kila mwezi. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Peleka mstari wako, hata uwe mdogo, kwenye kikao cha wadi cha maoni ya umma mapema, ukiwa na wazee na akina mama wa mtaa wausemee. Mwombeni mwakilishi wadi autaje kwa jina. Na mkataba wa ghala la vipaza sauti uandikwe kwa jina la kikundi cha mtaa kilichosajiliwa, funguo zikae kwa watu wawili wanaolala Mikindani.