Leseni Ninayo, Lori Sina

Swali: Nina leseni ya lori, lakini kila tajiri hapa Birongo anataka dereva mzoefu. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia karibu. Malori yanayobeba majani ya chai kuyapeleka kwenye viwanda vya KTDA, na Canter zinazopeleka ndizi Nairobi, huhitaji taniboi, yaani msaidizi wa dereva. Kubali kazi hiyo: utajifunza kufunga mzigo, kukagua tairi, na kushuka milima ya Gusii kwa gia nzito badala ya kukanyaga breki mpaka zichemke. Tajiri akishakuamini, omba usukani gari likirudi tupu. Kwa NTSA, mamlaka inayotoa leseni, daraja C1 ni la lori jepesi, CE la trela; panda hatua kwa hatua. Omba barua kwa kila mwajiri unapoondoka. Kampuni za malori ya barabara ya Mombasa–Malaba zitaiulizia.