Jibu Hufuata Swali

Mtu aliyeshindwa kulitaja jina la mlima huweza kulitambua mara alisikiapo. Utambuzi huo, hata hivyo, hutegemea pia namna mtu alivyoulizwa, na jambo hili laweza kuonyeshwa darasani.

Chukulia walimu wawili, mmoja Mbeya na mwingine Iringa, wakiwasomea wanafunzi majina 20 ya mahali: Rungwe, Ngozi, Loleza, Mufindi na kadhalika. Kesho yake husomwa majina 40, yaani yale 20 pamoja na mengine 20 mageni. Mwalimu wa Mbeya asema, "Lisiwapite hata moja la jana." Wa Iringa asema, "Kubalini lile tu mlilo na hakika nalo." Mwanafunzi wa Mbeya akubali majina 18 ya jana, lakini pia mageni 10; wa Iringa akubali 10 ya jana na mageni 2. Anayehesabu majina ya jana peke yake atamsifu wa Mbeya. Sivyo hata kidogo! Kila mmoja amejibu sawasawa mara 28 katika 40. Nadharia ya ugunduzi wa ishara, iliyokuzwa Marekani katika miaka ya 1950, nayo huwaona kuwa na kumbukumbu sawa. Kilichotofautiana ni wepesi wa kukubali. Wakipewa majina mawili mawili, la jana na geni, wachague moja, kila mmoja hutazamiwa kupata kama 16 katika jozi 20. Mwenye kubahatisha tu hupata kama 10. Jina geni likifanana na la jana, kwa mfano Rungwa na Rungwe, makosa huzidi.

Darasani kosa kama hilo hupunguza alama. Mahakamani hufunga mtu. Katika gwaride la utambulisho, shahidi aliyeambiwa "mwonyeshe mwizi" hujiona amelazimika kuchagua, hata kama mwizi hayumo. Ndiyo maana taratibu zilizowekwa katika shauri la Mwango Manaa la mwaka 1936, mbele ya Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, zilitaka mtuhumiwa asimame kati ya watu wasiopungua wanane wanaokaribiana naye kwa umri, kimo na sura, na shahidi aambiwe kwamba mhusika huenda yumo au hayumo.

Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliuhesabu ushahidi wa utambuzi wa macho kuwa dhaifu mno, usiotegemewa mpaka kila uwezekano wa kukosea uondolewe. Hakimu hupaswa kuuliza shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, katika mwanga gani, na kama alimfahamu kabla. Mwanasayansi angeongeza swali moja: aliulizwa kwa maneno gani?