Akili Huchoka Kabla ya Miguu

Katika nyumba nyingi za Naro Moru, uchovu huhesabiwa kwa kazi ya mikono. Aliyelima, aliyebeba au aliyetembea mbali ndiye anayeruhusiwa kusema amechoka. Anayeshinda akipiga hesabu za duka, akimuuguza mzazi, akiendesha matatu kati ya Nyeri na Nanyuki au akisomea mtihani wa KCSE huambiwa kwamba alikuwa ameketi tu. Kijitabu hiki kinashikilia jambo tofauti: uchovu wa akili ni uchovu kamili, hupunguza hata nguvu ya mtu shambani, na stahamala ya akili inaweza kujengwa kwa mazoezi. Lakini mazoezi yenyewe si yale yanayouzwa kwenye simu, wala hayamsaidii mtu aliyepungukiwa na usingizi au damu.

Tuanze na ushahidi. Mwaka 1891 Angelo Mosso, mwanafiziolojia wa Turin, Italia, aliandika kwamba misuli ya walimu wenzake wa chuo ilichoka upesi zaidi baada ya kufundisha na kutahini, ingawa hawakuwa wamebeba chochote. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2009, Samuele Marcora na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walilipima jambo hilo kwa watu 16. Siku moja kila mmoja alifanya zoezi la kompyuta la kumakinika kwa dakika 90. Siku nyingine alitazama filamu za makala kwa muda uleule. Kila mara alipanda baiskeli ya mazoezi na kukanyaga kwa nguvu ileile mpaka ashindwe. Baada ya filamu walidumu wastani wa sekunde 754. Baada ya zoezi la akili walidumu sekunde 640, karibu dakika mbili pungufu. Moyo na mapafu havikuonyesha sababu ya kushindwa mapema hivyo. Kilichobadilika ni hisia ya ugumu: tangu mwanzo baiskeli ileile ilionekana nzito zaidi, kwa hiyo walifika upesi mahali ambapo mtu hujiambia, basi, imetosha.

Ikiwa hisia ya ugumu ndiyo inayoamua lini tunaacha, je, inaweza kufundishwa? Marcora alijaribu kwa wanajeshi 35 wa Uingereza. Wote waliendesha baiskeli saa moja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, lakini kundi moja lilifanya zoezi la akili huku likikanyaga. Mwishoni, waliokanyaga tu waliongeza muda wao wa kustahimili kwa asilimia 42. Waliounganisha mambo mawili wakaongeza kwa asilimia 126. Nako Australia, utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waendesha baiskeli wa kulipwa hawakupunguza kasi baada ya nusu saa ya zoezi gumu la akili, ilhali wale wa kujifurahisha walipungua. Msomaji makini atasema tafiti hizi ni za watu wachache, na atakuwa na haki. Wapo watafiti waliozichambua kwa pamoja wakaona athari yake huenda ni ndogo kuliko ilivyotangazwa mwanzoni. Kwa sababu hiyo hatuahidi miujiza. Tunasema njia ina mantiki, haina gharama, na inafaa kujaribiwa na mtu mwenye afya.

Jambo ambalo halina mantiki ni kununua programu ya simu inayodai kuongeza nguvu za ubongo kwa michezo ya kupanga rangi. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watu 11,430 waliofanya michezo ya namna hiyo kwa wiki sita. Waliimarika katika michezo yenyewe tu. Ustadi huo haukuhamia kwenye kazi nyingine. Mwaka 2016 wenye programu ya Lumosity walikubali kulipa dola milioni 2 nchini Marekani baada ya kushtakiwa kwa matangazo yasiyo na ushahidi wa kutosha. Tofauti iko hapa: mchezo wa simu hukatika unapokuchosha, nawe huufungua upya kwa raha yako, ilhali stahamala hujengwa kwa kubaki kwenye jambo linalochosha muda kidogo zaidi ya ulivyozoea.

Nyumbani yafanyike hivi. Mara tatu kwa wiki, tembea kwa haraka dakika 20 kwenye njia salama isiyo na magari, na wakati huohuo uipe akili kazi: hesabu kutoka 300 ukirudi nyuma kwa saba saba, au kariri mafungu ya somo bila kufungua kitabu. Ukikosea, anza upya. Wiki ya tatu ongeza dakika tano. Mwanafunzi anaweza kuliacha somo gumu zaidi liwe la mwisho mara moja moja, ajizoeze kufikiri akiwa amechoka, mradi asifanye hivyo kila siku. Na mazoezi haya yasifanyike kamwe ukiwa juu ya boda boda au ukiwa na panga mkononi, maana umakini ni mmoja.

Wapo watakaosema kwamba mama anayeamka saa kumi usiku, akakamua ng'ombe, akaandaa watoto, akaenda kumwagilia vitunguu, hahitaji mazoezi mengine. Maisha yenyewe yamekwisha kumfundisha. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, na kwa sehemu ni la kweli. Mzigo hujenga pale tu unapofuatwa na mapumziko. Bila hayo humaliza. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwapa watu saa sita za kulala kila usiku kwa siku 14. Mwishoni umakini wao ulikuwa umeshuka karibu sawa na wa mtu aliyekesha usiku mzima au zaidi, nao wenyewe hawakuhisi usingizi mwingi. Mama huyo basi hahitaji kuhesabu kwa saba; anahitaji mtu mwingine akamue ng'ombe siku mbili kwa wiki. Hali kadhalika dereva wa usiku anayetafuna muguka: macho yanabaki wazi, lakini deni la usingizi halijalipwa hata kidogo.

Upo pia uchovu unaotoka mwilini. Upungufu wa damu huwapata zaidi wajawazito na wanawake wenye hedhi nzito, na chai yetu inachangia, kwa kuwa inywewapo pamoja na githeri au maharagwe huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Iacheni chai ikae saa moja au mbili mbali na mlo, na kwenye sahani muongeze nyanya, kabeji au chungwa. Mjamzito ameze vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki. Uchovu unaozidi wiki mbili, hasa ukiambatana na kukonda, kikohozi, kiu isiyoisha au huzuni inayoondoa hamu ya kila kitu, upelekwe kituo cha afya ukapimwe.

Mwisho ni kwa nyumba zenye wapagazi na waongozaji wa Mlima Kenya, ambao kazini husifiwa kwa kuvumilia. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000. Mackinder's Camp ni kama mita 4,200, na Point Lenana ni mita 4,985. Juu ya mita 2,500, kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida huweza kuwa ugonjwa wa mwinuko, na huo haushindwi kwa mazoezi ya akili wala kwa moyo mgumu. Anayehofia kupoteza ujira wake ndiye aulizwe kwanza, kwa kuwa atasema yuko sawa. Mwambieni atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa kidole. Akiyumba, au akipumua kwa shida akiwa amepumzika, ashuke mara moja akisindikizwa, hata kama ni saa tisa usiku.