KIBOKO, NG'OMBE NA MAJI YA MTO

Somo la mwezi huu kwa wakulima wa skimu

Mkulima mwenye shamba kando ya maji humwona kiboko kuwa ni adui tu. Kwa usiku mmoja mnyama huyu aweza kumaliza mahindi yaliyotolewa jasho miezi mingi, na huku mkopo wa mbegu na mbolea haujalipwa. Wakulima wa sehemu za Ol Kalou, walio karibu na ziwa la Ol Bolossat, wanalijua sana jambo hili. Hatusemi kwamba hasara hiyo ni ndogo. Lakini katika miaka ya karibuni wataalamu wamechungua kwa makini kazi ya kiboko ndani ya mto, na mambo waliyoyaona yanamhusu kila mtu anayechota maji, anayenywesha ng'ombe au anayemwagilia mboga kwa pampu.

MTO ULIOCHUNGULIWA

Uchunguzi huo ulifanywa katika mto Mara. Mto huu una urefu wa kilomita 395 hivi. Chanzo chake ni msitu wa Mau, ambako hutoka mito miwili, Nyangores na Amala. Mito hii hupita katika mashamba ya wakulima, kisha hukutana na kuitwa Mara. Kutoka hapo maji huingia katika mbuga ya Maasai Mara, huvuka mpaka na kupita Serengeti, na mwisho humwagika katika ziwa Victoria upande wa Tanzania. Basi maji anayoyatumia mkulima wa juu asubuhi ndiyo yanayongojewa na mfugaji, mvuvi na mnyama wa chini.

KAZI YA KIBOKO

Ngozi ya kiboko haivumilii jua kali, kwa hiyo mchana kutwa hukaa majini. Usiku hutoka kwenda malishoni, akala majani kiasi cha kilo 40, na kabla ya jua kuwa kali hurudi mtoni. Sehemu kubwa ya mavi yake huyatoa humo majini. Kwa njia hii kiboko ni kama mchukuzi: kila siku huchukua majani ya nchi kavu na kuyatia mtoni.

Mwaka 2015 Amanda Subalusky na wenzake walitoa hesabu yao. Viboko wa mto Mara ni zaidi ya 4,000, na kwa siku moja huingiza mtoni kilo 36,000 hivi za mavi mabichi. Ukigawanya, ni karibu kilo 9 kwa kila kiboko, kila siku ya mwaka.

Je, mavi hayo ni mabaya? Mkulima mwenyewe ajua jibu. Samadi ikitawanywa vizuri hustawisha shamba, lakini ikirundikwa mahali pamoja huunguza miche. Mtoni ni vivyo hivyo. Maji yakienda kwa nguvu, mavi hutawanyika na kuwa chakula cha wadudu wa majini na samaki. Tena majani yana madini yaitwayo silika, ambayo mimea midogo sana ya majini huyahitaji ili kukua, na mimea hiyo ndiyo chakula cha viumbe wengine. Mwaka 2019 wataalamu walionyesha kwamba viboko wa Mara hupitisha karibu kilo 400 za silika kwa siku. Kwa hiyo kiboko ana faida yake hata kwa wavuvi wa ziwani.

MAJI YAKIPUNGUA

Taabu huanza wakati wa kiangazi. Mto ukipungua, viboko husongamana katika vidimbwi vichache vilivyobaki. Maji hayaendi, na mavi huzama na kurundikana chini. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huyaozesha, na katika kazi hiyo hutumia oksijeni, yaani ile hewa iliyomo majini ambayo samaki huivuta. Hewa ikiisha, hutokea sumu mbalimbali, pamoja na ile yenye harufu ya yai viza.

Kisha mvua kubwa hunyesha huko juu. Mafuriko hufagia vidimbwi vyote kwa mara moja, na uchafu ule hushuka na mto. Christopher Dutton na wenzake walipima jambo hili kwa vyombo maalum. Kwa kuwa ni hatari mtu kuingia katika kidimbwi cha viboko, walitumia mashua ndogo isiyo na mtu, iliyoongozwa kutoka ukingoni. Katika habari zao za mwaka 2018 walisema kwamba kwa muda wa miaka 3 mafuriko 49 yalipunguza hewa ya mto, na 13 kati yake yaliipunguza hata ikawa haba mno kwa viumbe. Mara nyingine samaki walikufa kwa wingi. Mizoga yao huliwa upesi na mamba na ndege, na mtu akichelewa kufika huenda asione kitu.

Mkulima, angalia vizuri maana ya habari hii. Viboko na mavi yao walikuwako tangu zamani. Kinachogeuza mbolea kuwa sumu ni uhaba wa maji yanayokwenda. Na maji hayo twaweza kuyapunguza sisi, tukikata miti kwenye chanzo, tukilima mpaka ukingoni, na tukipiga maji kwa pampu bila mpango wakati wa ukame. Pampu moja haikaushi mto, lakini haba na haba hujaza kibaba.

NG'OMBE NAO

Tusimlaumu kiboko peke yake. Ng'ombe wakiingia mtoni kunywa, nao hunya humo, huvunja kingo na kutibua matope. Kundi la kijiji kizima likitumia kivuko kimoja kila siku, chini yake hakuna maji safi ya kunywa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Acha ukingo wa mto bila kulimwa. Kanuni za maji zataka nafasi isiyopungua mita 6 kila upande, na katika mto mpana yaweza kufika mita 30. Panda majani na miti ya kienyeji. Usipande mikaratusi hapo, maana hunywa maji mengi.

2. Jenga birika la kunyweshea mbali kidogo na mto. Majirani wakichanga, gharama huwa nyepesi.

3. Kinga maji wakati wa mvua, kwa tangi au bwawa, ili kiangazi usiutegemee mto peke yake.

4. Usiweke pampu bila kibali. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yataka maji fulani yaachwe mtoni kwa mahitaji ya lazima ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe. Ingia katika chama cha watumiaji wa maji, mpange zamu.

5. Usizibe njia ya kiboko ya kurudi majini, wala usisimame kati yake na maji. Hapo ndipo watu wengi huuawa. Mazao yakiharibiwa, peleka habari upesi kwa maafisa wa wanyamapori kabla alama hazijafutika. Sheria ya mwaka 2013 imeweka njia ya kudai fidia.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA BARAZANI

Mto wetu ulikuwa na kina gani kiangazi kilichopita, na pampu zilikuwa ngapi? Ng'ombe wa skimu wananywea wapi, na ni nani wanaochota maji chini yao? Ni mashamba yapi yamelimwa mpaka ukingoni? Jibuni maswali haya pamoja, kisha mwiteni Afisa wa Kilimo awasaidie kupima mahali pa birika. Afadhali kazi hii ifanywe sasa, kabla ya kiangazi, kwa maana kidimbwi kikiisha kuoza hakuna dawa ya kukitengeneza ila mvua.